Injini Imechoka: Uifungue au Ununue ya Mtumba?

"Kaka, hii injini imekufa. Tafuta nyingine tu."

Maneno hayo husemwa gereji kabla boneti haijafunguliwa vizuri, na wakati mwingine anayeyasema ana jamaa yake mwenye duka la injini pale Gerezani, au Kirinyaga Road kwa walio Nairobi, na cha juu chake kimeshapigiwa hesabu. Si kila mara anadanganya. Ila kutoka gari linalotoa moshi mpaka injini iliyokufa ni safari ndefu yenye vituo vingi, na wengi wetu tungeweza kushuka kituo cha mapema kwa gharama ya mipira ya valvu au termostati.

Mimi nilishapigwa. Toyota IST yangu ilichemsha nikitokea Morogoro, karibu na Chalinze, nami nikaiendesha "taratibu" hivyohivyo mpaka Mlandizi. Gasketi ikaungua, hedi (kile kichwa cha injini) ikapinda. Nikanunua injini ya mtumba, ikafungwa ndani ya siku mbili, nikalipa na kushukuru. Wiki ya tatu ikachemsha tena. Rejeta ilikuwa imeziba nusu tangu mwanzo na hakuna aliyeigusa, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza kutoiuliza. Nilikuwa nimebadilisha maiti, muuaji nikamwacha ndani ya nyumba.

Kwa hiyo hapa chini naanza na dalili. Swali la kufungua au kununua linakuja baadaye, na mara nyingine haliji kabisa. Mfano wangu mkuu ni 1NZ-FE, ile ya lita 1.5 iliyomo kwenye IST, Raum, Porte, Probox, Fielder na Premio na Allion ndogo, kwa sababu ndiyo iliyojaa barabarani. Dizeli nitazigusa mbele, maana zenyewe zina hesabu yake.

Gari linakula oili

Kwanza hakikisha inaliwa, haivuji. Tandaza kadibodi chini ya injini usiku kucha. Asubuhi angalia panapokutana injini na giaboksi, pembeni mwa kifuniko cha valvu, na kuzunguka filta. Injini inayovuja inahitaji sili na gasketi, haihitaji mazishi.

Kama kadibodi ni kavu, pima. Gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa, jaza oili mpaka alama ya juu ya kijiti, uandike kilomita. Endesha kilomita 1,000, kisha ongeza kwa chupa yenye vipimo mpaka irudi alama ileile. Vitabu vya Toyota vinavyokuja na gari huweka ukomo wa lita 1 kwa kilomita 1,000, kiwango ambacho fundi yeyote wa mtaani atakiona kikubwa mno. Na kweli ni kikubwa: 1NZ-FE inabeba lita 3.7 tu pamoja na ya kwenye filta. Ukienda kilomita 2,500 kwa kiwango hicho bila kuinua boneti, umebakiwa na lita 1.2, na hapo beringi zinaanza kusagana. Injini nyingi zinazosemwa "zilinoki ghafla" zilinoki hivi, taratibu kabisa, mwenyewe akiwa anasikiliza redio.

Robo lita kwa kilomita 1,000 naipuuza. Nusu lita naanza kuitafutia sababu. Lita nzima, tunazungumza habari za kufungua.

Sasa angalia moshi wa buluu unatoka saa ngapi. Ukitoka asubuhi tu, wingu moja kubwa ukiwasha halafu unakatika, oili ilidondoka usiku kupitia mipira ya valvu iliyokauka. Dalili yake ya pili ni foleni: gari limesimama dakika kumi likiunguruma, ukikanyaga kuondoka linaacha wingu nyuma. Mipira hiyo ni midogo na bei yake ni ndogo, na fundi mzuri anaibadilisha bila kushusha hedi, kwa kuzuia valvu zisidondoke kwa upepo wa kompresa kupitia tundu la plagi. Ukiambiwa ushushe injini nzima kwa ajili ya moshi wa asubuhi, tafuta fundi mwingine.

Moshi ukitoka muda wote unapokanyaga, hasa kwenye mlima, ringi za pistoni ndizo mshukiwa. Lakini ngoja. Kuna kivalvu kidogo cha PCV kinachopumulia injini, kinaingia kwenye kifuniko cha valvu na mpira wake unaelekea kwenye manifoldi ya hewa. Kikikwama, presha ya ndani inasukuma oili mahali isipotakiwa. Kichomoe ukitikise. Kikilia kama njuga kidogo, kina uhai; kikiwa kimya, badilisha, kisha rudia kile kipimo cha kilomita 1,000 kabla hujatoa shilingi nyingine.

Na ringi zenyewe zina namna mbili za kuharibika. Zinaweza kuwa zimelika, au zimegandamana na kaboni ndani ya vijia vyake kwenye pistoni. Zile za kukwangua oili ndizo hugandamana kwanza, hasa kwa aliyezoea kuchelewesha kumwaga oili. Kwa zilizoganda kuna jaribio moja la bei nafuu: chomoa plagi, mimina dawa ya kuyeyusha kaboni kwenye kila tundu, acha usiku mzima, asubuhi piga stata plagi zikiwa nje ili dawa iruke, rudisha plagi, washa, na mwaga oili mara moja. Nimeona likifaulu na nimeona likishindwa. Kwa bei yake, linastahili kujaribiwa.

Hapa pana jambo la ukoo. 1ZZ-FE ya lita 1.8, ile ya Premio, Allion, Wish na Opa, katika miaka yake ya mwanzo ilitoka na pistoni zenye vitundu vichache na vidogo vya kurudishia oili, ndiyo maana ringi zake huganda. Toyota ilizibadilisha baadaye. 2AZ-FE ya lita 2.4 nayo ina sifa hiyohiyo ya kunywa oili, mpaka Toyota ikaongeza dhamana kwa wateja wa Marekani. Yaweke hayo kichwani, tutayarudia tukifika dukani.

Geji ya kompresheni

Mtu asikufungulie injini kabla ya kipimo hiki cha kompresheni, yaani presha ya hewa inayobanwa ndani ya silinda. Geji haina bei kubwa, na fundi asiyekuwa nayo anakisia.

Pasha injini joto lake la kawaida. Betri iwe imejaa. Chomoa plagi zote nne, soketi za koili na za nozeli pia, ili isimwage petroli wala kupiga cheche. Kanyaga mafuta mpaka chini hewa ipite, piga stata mpaka mshale wa geji usimame, andika namba. Silinda zote nne.

Kwa 1NZ-FE iliyo nzima utaona karibu psi 213. Ukomo wa chini ni 156. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kama 15. Kumbuka hilo la tofauti, maana watu hulisahau: injini yenye 170 kote nne imezeeka vizuri, na ina maisha. Yenye 205, 200, 120, 203 ina mgonjwa mmoja, hata kama wastani wake unapendeza.

Silinda iliyoshuka, mimina ndani yake kijiko kidogo cha oili, pima tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba nafasi kwenye ringi, kwa hiyo ringi au ukuta wa silinda ndio tatizo. Isipopanda, hewa inapotelea juu: valvu haikai vizuri, au gasketi. Silinda mbili zinazopakana zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imekatika katikati yao, na hiyo ni kazi ya hedi tu.

Ukiweza, ongeza kamera. Siku hizi zipo nyembamba za kuchomeka kwenye simu, zinapita tundu la plagi. Ukuta wa silinda ulio mzima una mistari myembamba iliyopishana kama mkeka, alama ya kiwandani inayoshika oili. Ukuta uliolika unang'aa kama sufuria iliyosuguliwa. Ukiona michirizi ya kusimama inayoweza kushika ukucha, ringi mpya hazitakusaidia kitu.

Kuchemsha, moshi mweupe, maji kupungua

Moshi mweupe wa asubuhi ya Mbeya au Iringa ni mvuke tu. Moshi mweupe mchana wa Dar, na maji yanapungua bila kuonekana yanakokwenda, ni maji yanayoungua ndani ya silinda.

Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa imepoa (imepoa, sikutanii, nimeona uso wa mtu ulioungua), washa, tazama. Mapovu yanayotoka mfululizo hata baada ya hewa ya kawaida kwisha ni moshi wa silinda unaopita kwenye gasketi. Ipo pia dawa ya kupimia, ya rangi ya buluu. Ikikutana na moshi huo inageuka njano. Oili iliyofanana na chai ya maziwa kwenye kijiti inamaanisha maji yameingia chini. Utando wa maziwa chini ya kifuniko cha kujazia pekee, kwa gari la safari fupifupi, unaweza kuwa jasho tu, usipige kelele bado.

Gasketi iliyoungua haijaua injini. Inategemea uliendesha umbali gani ikichemka. Hedi ya alumini inapinda, na kwa 1NZ-FE mpindo unaoruhusiwa upande wa bloku ni milimita 0.05 tu, kitu usichoweza kukiona kwa jicho. Kwa hiyo hedi ikishuka iende kwa fundi wa mashine, ikapimwe kwa rula iliyonyooka na filagji (vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi), ichongwe, ipimwe nyufa. Bloku nayo ipigiwe rula ileile, kwani nayo ni alumini. Fundi anayesugua hedi kwa msasa juu ya kioo na kuifunga na gasketi mpya anakuandalia ziara nyingine.

2AZ-FE za miaka ya mwanzo zina lao: nyuzi za boliti za hedi hung'oka kwenye bloku, upande wa nyuma, na maji yanavuja pale. Ukibadilisha gasketi tu boliti haitakaza. Matundu yanachongwa upya na kuwekewa nyuzi za chuma, na kazi hiyo ikifanywa na anayeijua inadumu kuliko ilivyotoka kiwandani.

Halafu umtafute muuaji. Rejeta, feni, termostati, pampu ya maji, kifuniko cha rejeta kisichoshika presha. Termostati iliyong'olewa na kutupwa "ili maji yapite vizuri" nayo ni mshukiwa. Bila yake injini haipati joto lake, petroli inazidi na kuosha oili kwenye silinda.

Inagonga

Kelele ya juu, nyepesi, kama cherehani, mara nyingi ni nafasi za valvu. Mchakacho wa sekunde chache ukiwasha, upande wa mkanda, ni cheni ya taimingi. Kugonga kunakosikika injini ikiwa baridi na kupotea ikipata joto ni pistoni kucheza kidogo ndani ya silinda. Unaweza kuishi nako miaka. Na kabla ya kulia, angalia boliti za sahani inayounganisha injini na giaboksi: ikilegea au kupasuka hugonga kama konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na kranki) kabisa, watu wametupa injini nzima kwa sababu yake.

Kinachotisha ni mlio mzito wa kugonga wa chini, unaoongezeka ukikanyaga na kubadilika ukiachia. Hizo ni beringi za konrodi. Thibitisha hivi: injini ikiwaka, chomoa soketi ya koili moja baada ya nyingine. Silinda ambayo ukiikata mlio unapungua, hapo ndipo penye shida. Taa ya oili ikimetameta gari likiwa limesimama na limepata joto, funga geji ya oili ya mshale mahali pa sensa, kwa sababu sensa nazo hufa.

Ukithibitisha, zima. Usiliendeshe mpaka gereji, livute. Kranki iliyokwaruzwa kidogo inachongwa. Konrodi iliyotoboa bloku haina tiba, na umbali kati ya hayo mawili unaweza kuwa kilomita tano.

Nguvu zimeisha, moshi mweusi

Hii naipita haraka. Moshi mweusi ni petroli nyingi, si injini kuchoka. Sensa ya hewa, filta, nozeli, sensa ya oksijeni, kataliki iliyoziba. Kompresheni ikiwa nzima, usimruhusu mtu akuuzie injini kwa dalili hii.

Sasa amua

Umepima. Kama tatizo limekaa juu, yaani mipira, valvu au gasketi, tengeneza hedi na uishie hapo. Kama ringi zimeganda na ukuta wa silinda bado una mistari yake, ringi mpya na kusugua ukuta kidogo kunatosha.

Mgawanyiko wa kweli unakuja pale ukuta umelika au kranki imeumia. Hapo ndipo bloku inapoamua. Bloku ya 1NZ-FE ni alumini yenye ngozi nyembamba ya chuma ndani ya kila silinda. Haina nyama ya kuchongwa mara nyingi. Zipo pistoni zilizozidi kipimo madukani, na wapo wanaoweka slivu, yaani ukuta mpya wa chuma ndani ya silinda, lakini ukijumlisha kuchonga, pistoni, ringi, beringi, gasketi na ufundi, kisha ukilinganisha na injini nzima ya mtumba ambayo zipo nyingi, kwa injini hii mimi nanunua. Sibishani tena na mtu juu ya hilo.

Geuza upande wa pili: 1HZ ya Land Cruiser, lita 4.2, silinda sita, bloku ya chuma. Au 3L na 5L za Hiace na Hilux. Chuma kile kimejengwa kuchongwa. Unaongeza milimita 0.50, unaweka pistoni kubwa zaidi, siku nyingine unaweka slivu unarudi mwanzo. Wenye magari ya utalii Arusha huzifungua injini hizi zaidi ya mara moja katika maisha ya gari moja, na wana sababu: 1HZ ya mtumba ni ghali, na iliyofikia kuuzwa huenda imeshabeba watalii wa kwake. Hapa nafungua, mradi kuna fundi wa mashine ninayemwamini. Bila huyo fundi, hesabu yote inavunjika.

Na zile zenye ugonjwa wa ukoo? Ukitoa 1ZZ-FE ya mwanzo inayokunywa oili ukaweka nyingine ya miaka ileile, umenunua kiu ileile kwa pesa mpya. Tafuta ya miaka ya baadaye, au fungua ya kwako uweke pistoni za muundo mpya. Vivyo hivyo 2AZ-FE.

Linganisha jumla kwa jumla. Bei ya injini dukani si bei ya kubadilisha injini: kuna kushusha na kufunga, usafiri, oili, kulanti, sili, mauntingi, gesi ya AC, na siku ambazo gari haliingizi chochote. Bei ya ringi nayo si bei ya ovaholi, yaani kuifungua injini yote na kuitengeneza upya. Mwombe fundi aandike kila kitu kwenye karatasi, njia zote mbili. Kama jumla inakaribia thamani ya gari na giaboksi nayo inasitasita, liuze lilivyo, useme ukweli kuhusu injini, umalize.

Ukienda kununua

Watakwambia imetoka Japani na imetembea kilomita 60,000. Kilomita zinahesabiwa kwenye dashibodi, na dashibodi ilibaki huko. Ni kweli Wajapani huachana na magari mapema: ukaguzi wao wa lazima, shaken, unaanza gari likiwa na miaka mitatu kisha kila miaka miwili, na gharama zake humfanya mtu akubali gari liende. Hiyo inafanya injini nzuri ziwepo. Haifanyi hii iliyo mbele yako kuwa nzuri.

Soma herufi zote za injini. 1NZ-FE na 1NZ-FXE zinafanana kama mapacha, ila ya X ni ya haibridi, uwiano wake wa kompresheni ni 13:1 dhidi ya 10.5:1, na haitafanya kazi vizuri kwenye IST. 1AZ-FE na 1AZ-FSE hivyo hivyo. Ya FSE inapiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, pampu na nyaya zake ni nyingine. Hata 1NZ-FE kwa 1NZ-FE, angalia kama throtoli ni ya waya au ya umeme, uende na picha za soketi zako kwenye simu.

Kisha ipime kama ulivyopima yako. Izungushe kwa mkono kwa boliti ya kranki, mizunguko miwili kamili. Fungua kifuniko cha oili: rangi ya dhahabu kwenye kemshafti ni uzee wa kawaida, tope jeusi kama lami ni historia ya oili isiyomwagwa. Chungulia njia za maji; mabaki ya kulanti nyekundu au ya waridi yanatia moyo, kutu ya kahawia inasema ilinyweshwa maji ya bomba. Rangi mpya iliyopulizwa, silikoni iliyofura pembeni mwa gasketi, boliti za hedi zenye alama za spana: imefunguliwa tayari, na si Japani. Pitisha kamera. Na kwa kuwa stata huwa bado ipo na giaboksi mara nyingi imeshikana nayo, leta betri na geji, piga kompresheni palepale chini. Injini haina joto kwa hiyo namba zitashuka kidogo, ila tofauti kati ya silinda itasema kweli. Muuzaji akikataa geji, asante, duka la pili lipo hatua kumi.

Namba ya injini iwe inasomeka. Iliyokwanguliwa usiiguse, hata ikiwa bure. Namba hiyohiyo iandikwe kwenye risiti pamoja na muda wa dhamana, na uulize wazi: ikifa ndani ya muda huo, nani analipa kushusha na kufunga tena? Wengi watabadilisha injini na kukuachia ufundi. Bora ujue kabla.

Kabla haijaingia kwenye gari, ikiwa bado inaning'inia na kila kitu kinafikika, badilisha sili ya mbele na ya nyuma ya kranki, pampu ya maji, termostati, plagi, mkanda. Fungua sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, usafishe chujio la oili. Na rejeta. Rejeta, ndugu yangu.

Ukiamua kufungua

Ovaholi ni vipimo. Kranki ipimwe kwa maikromita, silinda zipimwe juu, kati na chini, pande mbili, kwa sababu hulika umbo la yai. Kuweka ringi mpya za duara ndani ya silinda ya yai ndiko kunakofanya moshi urudi baada ya miezi michache, halafu lawama zinaenda kwa ringi za feki. (Feki zipo, na Kariakoo zinauzwa kwenye boksi zuri kuliko orijino. Nunua mwenyewe, usimtume mtu.)

Bloku ikitoka kwenye mashine ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, kwa brashi, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe. Petroli haitoi vumbi la jiwe. Boliti za hedi za 1NZ-FE zinakazwa kwa Nm 29, kisha nyuzi 90, kisha 90 tena, kwa mpangilio wa kutoka katikati kwenda pembeni. Fundi anayekaza "kwa kusikia mkono" mpe torki renchi. Akicheka, chukua gari lako.

Ikiwaka, usiiache iungurume masaa bila kazi kama wengi wanavyofanya. Iendeshe, ukibadilisha mwendo, bila kuilazimisha wala kubeba mizigo. Mwaga oili ya kwanza mapema, kilomita 500 mpaka 1,000, ukapitishe sumaku ndani yake uone imebeba nini.

Kwa aliyenunua injini nyingine, namba imebadilika na kadi ya gari bado ina ile ya zamani. Kairekebishe, TRA kwa Tanzania, NTSA kwa Kenya, ukiwa na risiti, kabla ya siku ya kuuza au siku ya ajali. Na ile injini ya zamani usiiache gereji "watakutunzia". Toa stata, alteneta, koili, nozeli, sensa zote, viweke kwenye ndoo nyumbani. Iliyobaki usiwape wa skrepa mpaka mpya imetembea mwezi mzima, umepima oili mara mbili na umepanda mlima Kitonga bila mshale wa joto kusogea.